Niligombana Naye Msituni, Naye Hayupo

Hivi umewahi kugombana na mtu aliye mbali nawe zaidi ya kilomita 300, na ukamshinda? Mimi nimewahi. Tena nilimshinda mara tano mfululizo, mwenyewe hana habari!

Nilikuwa Tanga kikazi. Ijumaa kazi ikaisha, wenzangu wakapanda basi kurudi Dar. Mimi nikasema nabaki hadi Jumapili nipumzike kidogo. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa. Ukweli ni kwamba sikutaka kurudi nyumbani.

Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini miezi saba kabla. Tangu siku ile, kila jioni nikifungua mlango swali langu lilikuwa moja: "Vipi, umepata chochote?" Wiki hiyo akanijibu taratibu, "Mke wangu, siku moja rudi nyumbani usiniulize kitu." Nami, kwa uchovu wa ofisi na foleni ya Ubungo, nikamrushia: "Nisipouliza mimi, mwenye nyumba atauliza." Akazima taa, akageukia ukutani. Kesho yake nikasafiri. Tukabaki na meseji za "Umefika?" "Nimefika." Basi.

Jumamosi asubuhi nikapanda gari hadi Muheza, kisha bodaboda hadi lango la Zigi, kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Huu ni msitu wa mvua wa Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea Amani mwaka 1902, na mwaka 1997 eneo hili likatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Nililipa kiingilio, kijana wa langoni akaandika jina langu kitabuni.

"Uko peke yako, dada?"

"Ndiyo, kaka."

"Shemeji anajua?"

Nikacheka tu. Akanionyesha njia fupi yenye alama, akanisisitiza nisiiache. "Saa nane ukiwa hujarudi, tunakuja kukutafuta."

Jamani, nilidhani nikiingia msituni nitapata utulivu hapo hapo. Wapi! Miti mirefu imefunga juu kama paa, chini kuna giza la kijani na harufu ya majani mabichi, lakini mimi sikuona kitu. Kichwani nilikuwa namjibu mume wangu. Nikamkumbusha kodi, ada na mchango wa harusi ya mdogo wake. Kila hoja aliyoileta niliikata. Hondohondo walipita juu, mabawa yakivuma kwa nguvu, nami nikakasirika kwamba wananikatisha!

Karibu na kijito nikateleza. Nikakaa chini kama mzigo, suruali yote matope, kiganja kimechubuka. Hakukuwa na wa kumlaumu wala wa kuniambia pole. Nikabaki pale pale nimekaa. Ndipo nikaanza kusikia maji, wadudu, na matone yakidondoka kutoka jani hadi jani ingawa mvua haikuwa inanyesha.

Mbele yangu kwenye jiwe lenye ukungu kulikuwa na ua dogo la zambarau. Nilishawahi kuliona mezani kwa bosi wangu wa zamani, kwenye chungu! Kumbe kwao ni huku. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta Usambara, akalipeleka kwao Ujerumani, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Leo linafugwa madirishani dunia nzima, lakini msituni linajishikilia kwenye miamba, kivulini, penye unyevu. Ukiliweka kwenye jua kali, majani yanaungua.

Nililitazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nikayasikia maneno ya mume wangu jinsi alivyoyasema. Kumbe hakusema nisijali wala hakusema hatatafuta kazi. Aliomba jioni moja tu ya kivuli. Katika ugomvi wangu wote wa njiani, sentensi ile sikuwahi kumpa nafasi ya kuimaliza.

Nikarudi langoni kabla ya saa nane. Njiani kuelekea Muheza mtandao ukarudi. Nikamwomba wa bodaboda asimame, nikapiga.

"Uko wapi?"

"Natoka msituni, Amani. Nilikuwa peke yangu."

Kimya. Swali langu la kila siku likanijia hadi kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza. Nikamsimulia nilivyoanguka, nikamsimulia na lile ua. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Juzi niliitwa kwenye usaili. Sikukwambia, niliogopa nikikosa utaniuliza."

Mwenzenu nililia palepale barabarani, wa bodaboda akajifanya anakagua tairi.

Je, kazi ile aliipata? Hapana, na maisha bado yanabana. Ila sasa tuna utaratibu wetu. Saa ya kwanza nikirudi nyumbani siulizi kitu. Ijumaa jioni yeye mwenyewe ananieleza alikopeleka maombi, tunapiga hesabu za mwezi pamoja. Mambo ambayo sikuwa nikiyapata kwa kuuliza kila siku, sasa ananipa mwenyewe.

Kama nawe unahitaji kutembea peke yako, nakushauri hivi. Kwanza, mwambie mwenzako unakwenda wapi na utarudi lini. Mimi sikufanya hivyo, na nilikosea. Kujitenga ili utulize kichwa ni tofauti na kumkimbia mtu. Pili, jiandikishe langoni, usiache njia yenye alama, na kama unataka njia ndefu chukua mwongozaji. Vaa viatu vinavyoshika ardhi, chomeka suruali ndani ya soksi, beba maji na koti la mvua. Tatu, ukijikuta unabishana na mtu ambaye hayupo, kaa chini. Usisubiri kuteleza kama mimi!

Tukutane mwezi ujao.