Santuri Ukutani, Sahani za Bibi Uvunguni

Kuna kijana mmoja wa Chuno, Mtwara, jina kapuni. Wiki hii kachekwa mitandaoni mpaka basi. Kosa lake? Kaposti santuri ya Mwandishi ya Herbie Hancock, toleo jipya la albamu iliyotoka 1971, aliyoiagiza nje kwa hela ambayo wengine wangelipia kodi ya chumba. Wakamshukia: mshamba, anatafuta kiki, hayo ni makelele ya Wazungu.

Hapo kwenye "Wazungu" ndipo walipochemka. Hancock ni Mmarekani mweusi, na bendi yake ya watu sita ilijipa majina ya Kiswahili, mmoja mmoja. Yeye akawa Mwandishi. Mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Bennie Maupin akawa Mwile. Eddie Henderson wa tarumbeta aliitwa Mganga, na haikuwa bahati nasibu, jamaa alikuwa daktari aliyesomea kabisa. Julian Priester wa tromboni ndiye aliyeitwa Pepo Mtoto. Litamke hilo mbele ya mama yeyote wa Mtwara, atauliza nani kapandisha.

Ucheke, ila ujue maana yake. Weusi wale walikuwa wanatafuta jina lisilotoka kwa waliowamiliki babu zao, wakaiona heshima kwenye lugha hii hii. Leo mastaa kibao wa Bongo wanaona jina bila Kiingereza halina hadhi.

Ni kweli mziki wenyewe mzito. Nyimbo tatu tu, na wa mwisho unakula upande mzima wa B, dakika zaidi ya 20. Wa kwanza, uliotungwa kwa heshima ya Angela Davis, unakwenda kwa mapigo 15, kwa hiyo mguu unaotaka kucheza unabaki hewani. Lakini mtu aliyekulia kwenye sindimba, ngoma zikisemezana kila moja na lake, ataogopa nini hapo? Akae chini, asikilize mara ya pili.

Basi kijana hana kosa? Analo, ila waliomcheka hawakuligusa. Santuri kaitundika ukutani. Gramafoni hana, na hajawahi kuisikiliza hata upande mmoja.

Wanaomjua wanasema uvunguni kwa bibi yake, nyumba ya pili tu, kuna boksi la sahani za zamani: Kilwa Jazz, bendi iliyobeba jina la mji wa mwambao huu huu wa Kusini, na Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. Boksi linakula unyevu wa bahari na mende. Mjukuu hajawahi kulifungua. Bibi naye hajawahi kuulizwa nani alizinunua, wala alicheza na nani.

Hili ndilo la kuumiza. Albamu ya Hancock imerudi sokoni kwa sababu kuna watu waliitunza. Nyimbo nyingi za dansi letu zilifyatuliwa santuri Nairobi, Mbaraka mwenyewe akafariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979, na baadhi ya nakala zilizobaki ziko kwenye maboksi kama hilo. Sahani ikishapinda au kuvunjika, toleo jipya litatengenezwa kutoka wapi? Wakusanyaji wa Ulaya wanalijua hilo, ndiyo maana wanazitafuta na kuzilipia. Siku mmoja akibisha hodi Chuno, boksi litaondoka kwa hela ya vocha, halafu mjukuu ataliagiza tena kutoka nje kwa bei ya kodi.

Kijana asiishushe santuri yake kwa sababu ya kelele za watu. Aishushe aisikilize. Atafute gramafoni hata ya kuazima, aende nayo kwa bibi, apige shikamoo, akae chini. Bibi achague sahani ya kwanza. Mwandishi atasubiri zamu yake.