Mwache Mdogo Apite

Uzalishaji ulipokoma Buzwagi mwaka 2021, kaka yangu alinunua Fuso kwa kiinua mgongo chake. Mwaka uliofuata nami nikanunua yangu, kuukuu, bodi limejaa viraka. Wote tukawa tunabeba mpunga na mchele kutoka Kahama. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, nawahi foleni ya mashine ya kukoboa, napata mzigo wa kwanza. Wiki ya tatu baba akaniita. "Mdogo hampiti mkubwa," akasema. "Unataka watu waseme nini?" Miezi minne nikapanga foleni nyuma ya kaka, hata siku alizochelewa kwa kulala tu. Deni la gari halikulala.

Nasema wazi: desturi hiyo ni mbovu, na wanaoiita heshima wanajidanganya. Haikuondoa ushindani, iliuhamishia gizani. Kaka alipopata pancha mbili siku moja, wifi yangu aliulizia habari za mganga ninayemwendea.

Kuna mzee mmoja wa mashindano ya magari huko Marekani, Lee Petty. Tarehe 14 Juni 1959, uwanja wa Lakewood, Atlanta, mwanawe Richard alipewa bendera ya ushindi. Ungekuwa ushindi wake wa kwanza katika mashindano yale makubwa. Baba akaweka pingamizi, mizunguko ikahesabiwa upya, ushindi ukawa wa baba. Wengi huona ukatili. Mimi naona mtu aliyemheshimu mwanawe kiasi cha kumhesabu kama dereva. Richard hakuharibika: alikuja kushinda mara 200.

Mtaniambia hao ni Wazungu, sisi ndugu tunakaa gari moja, kama Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walioshinda Safari Rally ya 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Vizuri. Lakini kwenye Safari msoma ramani akisema kata kushoto, dereva anakata kushoto. Haulizwi nani alizaliwa kwanza. Nyumbani kwetu nani angenisikiliza?

Na msiniambie ushindani ni wa kuletwa. Usukuma huu huu una Bagika na Bagalu, wanaoshindana kwa ngoma baada ya mavuno, mchana, mbele za watu, kila upande ukijisifia dawa yake na kumzomea mwenzake. Huko hakuna anayeambiwa asubiri.

Ndugu wa kweli hujulikana gari likiharibika. Daytona mwaka 1979, mzunguko wa mwisho, Donnie Allison aligongana na Cale Yarborough wakiwania uongozi. Bobby, kaka yake Donnie, naye alikuwa mshindani siku ile, ila alisimamisha gari kumwangalia mdogo wake, ngumi zikaanza. (Sisifu ngumi. Nasifu kusimama.) Kaka yangu nami, tuliokatazwa kushindana, siku nilipokatika ekseli njia ya Isaka alinipita akipiga honi.

Siku hizi wanangu wawili hushindana kwa baiskeli hadi bombani. Yule mdogo akitangulia, bibi yao huita kutoka barazani, "Mngoje kaka yako!" Natoka nje nampigia kelele akanyage.