Milioni moja ya kwenye boksi

Mnunuzi wa runinga Kariakoo anaweza kuonyeshwa boksi lililoandikwa 1,000,000:1, akaambiwa hiyo ndiyo kontrasti na kwamba ikiwa kubwa, picha ni nzuri. Bei nayo hupanda papo hapo.

Kontrasti ni uwiano kati ya weupe mkali kabisa wa kioo na weusi wake mzito kabisa. Kioo cha LCD cha aina ya IPS hutoa takriban 1,000:1. Cha VA hufikia 3,000:1 na zaidi. Milioni hupatikana kwa ujanja. Weupe hupimwa taa ya nyuma ya kioo ikiwaka kwa nguvu zote, kisha weusi hupimwa taa hiyo hiyo ikiwa imefifizwa au kuzimwa. Mtazamaji wa mechi ya usiku huona vyote viwili kwa pamoja. Mizani ya namna hiyo kwenye mchele ingezua ugomvi sokoni.

OLED ni habari nyingine, kwani kila nukta hujizima yenyewe na weusi wake ni wa kweli. Hata hivyo, sebule yenye madirisha wazi mchana hupunguza faida hiyo, maana kioo huakisi mwanga.

Waagizaji wa makontena ndio wenye nguvu ya kudai kontrasti halisi iandikwe. Kwa sasa mnunuzi aombe picha ya usiku, taa za duka zizimwe, ndipo afungue pochi.