Usiuze Ng'ombe ili Ujenge Nyumba ya Mawe

Ndugu mkulima, mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Si fundi wala si bwana shamba. Nilisomea ualimu, na labda ndiyo sababu siwezi kunyamaza nikiona kosa lile lile likirudiwa. Mtu alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Amewauza ili ajenge nyumba ya mawe. Kuta zimefika madirishani, fedha zimekwisha, na sasa amekuja ofisini kuuliza kama kuna msaada wa mbegu na mbolea. Watu wa namna hiyo nimeandika majina yao mara nyingi.

Simcheki mtu huyo, maana hata mimi nilifanya vivyo hivyo. Katika mwaka wa 2016 nilikopa juu ya mshahara wangu na kuuza mtamba mwenye mimba. Mawe yaliletwa kwa lori, saruji ikanunuliwa, fundi akalipwa. Kuta zile bado zimesimama bila paa, na mbuzi wa jirani hujikinga jua humo. Deni nililimaliza miaka minne baadaye. Mtamba yule angekuwa amezaa mara tatu.

Tunafanya hivyo kwa ajili ya aibu. Tumejifunza kuona nyumba ya udongo kuwa ni alama ya umaskini. Lakini kumbuka wazee waliopewa mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka wa 1962 na kupatia makao familia zipatazo 35,000. Wengi wao walikuja na deni la ardhi begani. Babu yangu, aliyeingia shamba lake mwaka wa 1965, alikaa katika nyumba ya udongo yenye paa la mabati mpaka alipolipa shilingi ya mwisho. Fedha za maziwa zilikwenda kwa deni na kwa ada ya shule. Hakuna mtu aliyemwita maskini.

Basi nasema hivi: ukuta wa nyumba yako umelala chini ya miguu yako. Uchimbe, na fedha zako ziache katika shamba.

Lakini si kila udongo unafaa, na hapa ndipo wengi huharibu kazi. Chimba mpaka upite udongo wa juu wenye rutuba, ambao ni wa mimea. Tia udongo wa chini katika chupa hadi nusu, jaza maji, tikisa sana, kisha iache mpaka kesho. Mchanga utatangulia chini, na udongo mfinyanzi utakaa juu. Mfinyanzi ukiwa kama robo hivi, udongo ni mzuri. Ukizidi sana, ukuta utapasuka. Ukipungua sana, ukuta utamomonyoka. Udongo mweusi wa mabondeni, ule unaopasuka wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, usiutumie kabisa wala usijenge juu yake.

Kanyaga udongo pamoja na maji na majani makavu yaliyokatwa, fyatua matofali kwa kibao, uyakaushe polepole kivulini. Huna haja ya kuyachoma; tanuru hula miti mingi, nawe unaihitaji miti hiyo. Mawe na saruji vitumie katika msingi tu, uinue futi moja na nusu juu ya ardhi. Paa nalo litokeze nje ya ukuta karibu futi tatu. Mimi mara ya kwanza nililitokeza futi moja kwa kubana mabati, na mvua ya Aprili ikala ukuta wa upande wa upepo mpaka nikaona jikoni nikiwa nje. Nilibomoa paa nikaanza upya.

Mke wangu alipinga jambo hili tangu mwanzo, na sababu yake ilikuwa nzuri. Aliuliza, "Ni nani atakayesiriba kila mwaka?" Kwa kweli nyumba za udongo zimewachosha mama zetu. Wanaume hujenga mara moja na kusifiwa, wanawake husiriba maisha yao yote. Msingi mrefu na paa pana hupunguza kazi hiyo sana, na upande unaopigwa na mvua waweza kupigwa lipu ya chokaa na mchanga. Palipobaki, nasiriba mimi mwenyewe kwa udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe. Majirani walikuja kutazama karani akisiriba. Waliondoka wakicheka, lakini wawili wamerudi kuuliza vipimo.

Sakafu ni jambo lingine. Hapo usibane fedha. Sakafu yenye vumbi hufuga funza na viroboto, na watoto ndio wanaoumia. Tia saruji.

Sasa tazama paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba, mahali penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupata lita 36,000. Hata sehemu ya tano ikipotea, zinabaki karibu 29,000. Hizo ni safari zaidi ya 1,400 za debe la lita 20 kutoka mtoni. Fedha ambazo ungelipa lori la mawe, nunua tangi na mifereji ya bati.

Weka tangi mahali ambapo maji yaweza kuteremka yenyewe kwenda bandani. Banda liwe juu ya bustani, ili mbolea iteremke bila kubebwa. Maji ya kuogea na kuoshea vyombo yaende kwa migomba. Nepia uipande juu ya kingo za matuta, na maharagwe na maboga chini ya mahindi. Wageni wana jina la kupanga shamba hivi. Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, walilitolea kitabu mwaka wa 1978. Lakini Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa na vihamba vyao vya migomba, miti na ng'ombe wa bandani zamani kabla ya kitabu hicho.

Miti nayo usiisahau. Kanuni za mwaka wa 2009 zinamtaka mkulima awe na miti katika sehemu ya kumi ya shamba lake, yaani nusu ekari kwa mwenye ekari tano. Panda mgrevilea mipakani, upate boriti za nyumba ya mwanao. Mkaratusi uweke mbali na chemchemi.

Mtamba nimenunua mwingine, naye amezaa mwaka huu. Mwezi wa Januari, mvua za vuli zikiisha, nitaanza kufyatua matofali ya chumba cha watoto. Zile kuta za mawe nitazibomoa, mawe yake yawe msingi.