Ulezi safi una soko

Katika miteremko ya Kilimanjaro ulezi unajulikana zaidi kwa mbege, pombe ya ndizi na kimea cha ulezi. Wafanyabiashara wengi huununua kwa hesabu hiyo ya kilabuni, na hapo ndipo wanapojipunja.

Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, madini yanayojenga mifupa. Mahindi ya uzito huo hayafikishi hata 30. Tena kimea hichohicho, kikitiwa kidogo katika uji mzito wa mtoto, huulainisha bila kuongeza maji. Ghalani nako, ulezi haubunguliwi upesi kama mahindi.

Kikwazo ni mchanga. Ulezi uliopurwa chini hubeba changarawe, na mteja akisikia mchanga mdomoni harudi tena. Anayetaka soko la unga wa lishe aanzie shambani: turubai la kupuria, chekeche, na bei nzuri zaidi kwa mkulima anayeleta ulezi safi. Wanaochanganya unga wa mahindi kimyakimya ili kupunguza gharama wajue kwamba mnunuzi wa chakula cha mtoto hadanganywi mara mbili.