Inchi 55 za Nini Kama Hujui Hertz?

Inbox yangu siku hizi ina swali moja tu. Mtu amejinyima miezi kadhaa, amejenga PC yake pole pole, imebaki skrini, halafu ananiuliza: "Bro, si heri nichukue TV ya 4K inchi 55 badala ya hiyo monita ndogo? Bei ni karibu sawa." Na kabla sijajibu, kuna wasee kwenye comments wameshamwambia anunue TV, monita ni za watu wasiojua hesabu.

Hesabu yenu ndiyo mbovu. Tuifanye pamoja leo.

Kwanza tujue huu ushauri ulitoka wapi. Mwaka wa 2019 LG walitoa OLED zao za C9 zikiwa na HDMI 2.1, zenye uwezo wa kuonyesha 4K kwa 120Hz. Mwaka wa 2022 wakatoa C2 ya inchi 42, saizi inayokaa mezani bila kukufunika. Wachezaji wa PC kule Marekani na Ulaya wakaipenda, na walikuwa na haki. Nyeusi ya OLED ni nyeusi kweli, na pikseli zake zinabadilika haraka kuliko za monita nyingi. YouTube ikajaa video za kusema acha monita, nunua TV.

Sasa angalia. Huyo jamaa wa video ana TV ya aina moja maalum, ana kadi ya grafiki ya bei ya kutisha nyuma yake, na pesa aliyotumia kwa hiyo skrini pekee, hapa Nairobi ungekuwa umekaribia kununua pikipiki. Ushauri wake ukipanda ndege kuja huku, masharti yote yanaanguka njiani. Unafika Umoja ukiwa umebaki neno moja: "TV". Na kijana anashuka Luthuli na elfu arobaini na kitu mfukoni, akiamini anaenda kununua kile alichoona.

Anachouziwa ni paneli ya 60Hz. Kwa bei hiyo, karibu kila TV ni 60Hz, hata boksi likisema nini. Na maboksi yanasema mengi! Samsung wana "Motion Rate", LG wana "TruMotion", Sony wana "Motionflow", kila mmoja na namba yake kubwa. TV iliyoandikwa Motion Rate 120 ina paneli ya 60Hz. Ile 120 ni hesabu ya ujanja wa ndani wa kulainisha picha, haimaanishi PC yako itatuma fremu 120 na uzione. Hata stika ya HDMI 2.1 haikuhakikishii chochote, kwa sababu vitu vingi vya hiyo HDMI 2.1 ni vya hiari. Kampuni inaweza kuweka stika hiyo kwenye TV isiyofika 120Hz na isiwe imevunja sheria yoyote.

Kwani hertz ina maana gani kwako? 60Hz ni picha mpya kila milisekunde 16.7. 144Hz ni kila milisekunde 6.9. Kwa Counter-Strike au Valorant, huyo mse anayetokea kwenye kona, mwenye 144Hz anamwona mapema kuliko wewe. Unalaumu ping, unalaumu Wi-Fi ya mtaa, kumbe skrini yako bado haijakuonyesha kilichotokea.

Halafu kuna ucheleweshaji, na hapa ndipo TV nyingi zinaumiza. TV inapenda kuipamba picha kabla ya kukuonyesha: inaongeza rangi, inalainisha mwendo, inanoa kingo. Kazi hiyo inakula muda. Nje ya "Game Mode" kuchelewa kunaweza kupita milisekunde 50, na kwa TV zingine hata 100. Ukisukuma maus unaona mshale unakufuata kama mtoto aliyelazimishwa kwenda kanisani. "Game Mode" inasaidia sana, iwashe kama tayari unayo TV. Lakini haiwezi kugeuza 60 ikawa 144.

Turudi kwa PC yenyewe, kwa sababu hapa ndipo pesa zenu zinapotea na hakuna anayewaambia. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. 1080p ni kama milioni 2. Kwa hivyo kadi yako inaombwa kuchora mara nne zaidi kwa kila fremu. Wengi wetu tuna GTX 1650 au kitu cha kizazi hicho ndani ya mashine ya ex-UK. Hiyo ni kadi nzuri ya 1080p. Ukiipa 4K kwa gemu nzito itakupa slaidi za harusi.

"Basi nitashusha iwe 1080p." Sawa, shusha. Sasa umetandaza pikseli za 1080p juu ya inchi 55: unabaki na pikseli 40 hivi kwa kila inchi. Monita ya kawaida ya inchi 24 ya 1080p ina karibu 92. Umelipia 4K ili uone picha ya ukungu kuliko ya jirani yako mwenye monita ya mtumba.

Na kama unatumia HDMI ya mashine yenyewe bila kadi, angalia vizuri. Nyingi za hizo ex-UK za zamani zina HDMI 1.4, ambayo kwa 4K inaishia 30Hz. Hiyo hata kuandika assignment ni taabu.

Eeh, assignment. PC si ya gemu tu. TV nyingi za bei ya chini hupunguza taarifa za rangi zinazotoka kwa kompyuta. Kwa filamu huwezi kugundua, lakini kwa maandishi utajua. Fungua Word, andika sentensi nyekundu kwenye mandhari ya bluu. Kingo za herufi zikichafuka kama wino uliomwagikiwa na maji, hiyo TV itakuumiza macho muhula mzima. Kuna TV zinazopona ukibadilisha jina la ile HDMI kwenye menyu liwe "PC". Zingine hazina dawa.

Pia kuna umbali. Inchi 55 ina upana wa karibu sentimita 122. Ukikaa mezani, mkono mmoja kutoka kwa skrini, ramani ya Valorant iko kona ya juu kushoto na risasi zimebaki chini. Utageuza shingo kama mtu anayetazama tenisi.

Sijasema TV ni mbaya. Kama unaishi bedsita, unacheza FC na GTA ukiwa kitandani na pedi mkononi, mabeste wanakuja Jumamosi, na skrini hiyo hiyo ndiyo ya filamu, chukua TV. Mimi ningechukua inchi 43: 4K yake ina pikseli 102 hivi kwa inchi, maandishi yanasomeka, na bado inaonekana kutoka kitandani. Kama uko kwa wazazi na TV itakaa sebuleni, jua tu kwamba saa moja jioni ni taarifa ya habari na Mum hatajali uko raundi ya ngapi.

Lakini kama unacheza gemu za bunduki, mezani, kwa maus na kibodi, chukua monita ya 144Hz ya inchi 24, au 27 ya 1440p kama kadi yako inaweza. Wacha wakucheke ni ndogo.

Na ukiamua TV, usinunue boksi. Beba laptop na kebo yako ya HDMI uende nayo dukani. Hakikisha HDMI ya laptop ina nguvu kuliko unachopima, la sivyo utailaumu TV bure. Chomeka, ingia setingi za Windows, sehemu ya skrini, kisha "Advanced display", usome imeandikwa Hz ngapi. Andika ile sentensi nyekundu. Zungusha maus haraka uone kama inakufuata au inakungoja. Dakika tano tu. Muuzaji akikuambia "boss, hatufungui boksi mpaka ulipe", mwambie asante na uende duka linalofuata. Kwa Luthuli hutatembea hata hatua kumi.