Mbele ya kusema ni sumu

Tuseme kijana anabeba mizigo kwenye bandari ya Kalundu. Siku moja kifua kinamukaza kwa ghafula, pumzi inakatika, kisha miguu inavimba. Katika ma-quartier yetu jibu linafika mbele ya munganga: amekula sumu, ni karuho. Na jina la jirani, mara nyingi mama muzee, linatajwa siku hiyohiyo.

Kuko ugonjwa mumoja wa nadra sana unaoweza kuonekana vile kabisa. Pale mushipa mukubwa, aorta, unapotoka ndani ya moyo, ukuta wake una vifuko vitatu. Vinaitwa kwa jina la Valsalva, munganga wa Italia aliyekufa mwaka 1723. Mutu anaweza kuzaliwa na kifuko chenye ukuta zaifu. Kinapanuka polepole miaka na miaka, mara nyingi bila maumivu, halafu kinapasuka. Mara nyingi damu ya kwenda mwilini inaingia upande wa kuume wa moyo, na moyo unachoka. Hakuna mutu aliyetia kitu katika chakula.

Tena ugonjwa huo unasikika. Muuguzi akiweka stetoskopu kifuani, anasikia muvumo usiokatika, kama mashine ya kusaga muhogo. Ekografia ya moyo ndiyo inaonyesha tundu. Upasuaji ni kazi kubwa: moyo unasimamishwa, mashine inasukuma damu pahali pake, tundu linashonwa ao linazibwa kwa kiraka. Mashine hiyo ilifaulu mara ya kwanza mwaka 1953, kule Philadelphia. Leo moyo unapasuliwa Kigali, na Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Uvira, hapana.

Hatuombi serikali itujengee chumba cha kupasua moyo, ingekuwa kudanganyana. Tunaomba ekografia ya moyo ipatikane kila siku, kwa bei ambayo muvuvi wa ndagala anaweza, na mutu aliyefundishwa kuitumia. Itasaidia pia watoto ambao ugonjwa wa koo usiotibiwa uliwaharibia valvu za moyo, na hao ni wengi zaidi. Tunaomba karatasi ya transferi isikwame kwenye mupaka wa Kavimvira.

Wachungaji na wakubwa wa avenue ndio wanaletewa mambo haya kwanza. Mbele ya kuuliza nani alipika, waulize nani amesikiliza moyo wa mugonjwa.